UZI: Nyumba za Mji Mkongwe – chokaa au saruji? Na urithi wetu unaishia Darajani?

#1 FundiChokaa

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote.

Masika yamepita, kipupwe kimeingia, na lipu zinadondoka Kiponda, Malindi, Shangani na Sokomuhogo. Fundi ataitwa, atapiga saruji, atapaka rangi ya plastiki, na nyumba itapendeza kwa masika mawili matatu kabla ukuta haujatumba upya. Nimefungua uzi huu tulizungumze jambo hili kwa vipimo.

Tuanze na ukuta wenyewe. Ukuta wa nyumba kongwe hapa ni mawe ya matumbawe yaliyochimbwa maweni, hayana umbo maalumu, yamepangwa nyuso mbili, ya nje na ya ndani, na katikati pamejazwa vijiwe. Unene ni kama sm 50 hadi 60, na chini huzidi. Kilichoyashika mawe ni chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na mara nyingi huo udongo ndio mwingi. Matumbawe yana vinyweleo: yanakunywa maji na kuyatoa. Mvua ikipiga, ukuta unalowa sehemu ya nje. Jua likitoka, unakauka. Maji ya ardhini nayo hupanda kidogo na kutokea kwenye lipu ya chini.

Ukiubandika ukuta huo saruji, mambo matatu hutokea.

La kwanza ni nyufa. Lipu ya saruji ni ngumu kuliko ukuta ulio nyuma yake. Ukuta hucheza kila siku kwa joto la mchana na baridi ya usiku, lipu haiwezi kuufuata, inapasuka nyufa nyembamba kama uzi. Maji huingia kwa ufa, lakini hayana pa kutokea kwa sababu uso mzima umeziba.

La pili, maji yaliyonaswa hushuka ndani na kuuyeyusha ule udongo wa katikati. Mawe hubaki bila kishikio, nyuso mbili za ukuta huachana, na ukuta unafura. Hapo mtu hudhani msingi umetitia, kumbe msingi uko salama na tumbo la ukuta ndilo lililo tupu. Yale maji ya ardhini yaliyozoea kutokea futi mbili kutoka chini, sasa hupanda mpaka yapate mwanya. Ukiona mstari wa unyevu umefika usawa wa madirisha, tazama kwanza kama chini hakuna saruji.

La tatu ni chumvi. Huganda fuwele nyuma ya lipu na kuisukuma. Lipu ikidondoka inaondoka na uso wa jiwe, kwa hiyo kila ukirudia, ukuta unapungua.

Vichwa vya boriti, yaani miti ya mikoko inayobeba sakafu, vimo ndani ya ukuta huo huo. Ukuta ukikaa maji, boriti zinaoza mahali pasipoonekana. Ndiyo maana naanza na lipu kabla ya milango ya nakshi na roshani ambazo kila mtu anazipiga picha.

---

#2 Bi_Hurumzi

Ahsante Fundi. Tatizo ni kwamba "tumia chokaa" ni neno jepesi kulitamka. Ipo ya mifuko dukani, ipo ya tanuu, na kila fundi ana kipimo chake. Chokaa ipi, mchanga upi, kiasi gani, na tabaka ngapi? Na lile la saruji "kidogo tu ili ishike haraka" linafaa?

---

#3 FundiChokaa

Bi Hurumzi, nakujibu moja moja.

Chokaa. Ya tanuu ndiyo bora ikiiva sawasawa. Jiwe la matumbawe linataka joto la kama nyuzi 900 ili liachie hewa yake ya kaboni na kuwa chokaa hai. Kwenye tanuu la magogo lililopangwa duara, mawe ya kati huiva na ya pembezoni mara nyingi hubaki nusu mabichi. Yale yasiyoiva yakitiwa maji hayapasuki, yatolewe. Chokaa hai ikitiwa maji inachemka, kwa hiyo miwani na glavu ni lazima, na ikiingia jichoni osha kwa maji safi mengi papo hapo, kisha hospitali.

Ikishapoa, ichunge kwa wavu wa mm 3, iweke shimoni au kwenye pipa, na maji yasimame juu yake daima. Wiki 3 ni uchache wa mambo, miezi 3 ni vizuri, na zaidi ya hapo inazidi kulainika. Anayeharakisha ataona vipele: punje zisizozimika zinavuta unyevu ndani ya lipu, zinavimba, na kila moja inatoa kishimo ukutani wiki kadhaa baada ya fundi kulipwa.

Ya mfuko inafaa ikiwa haijakaa. Ipime hivi: kijiko kimoja kwenye glasi, mimina siki au kamua ndimu. Ikitoa povu jingi, imeshavuta hewa na kurudi kuwa unga wa jiwe, haishiki kitu. Ikitulia, ni nzima. Iloweke angalau siku moja kabla ya kuitumia.

Mchanga. Usiwe wa pwani. Chumvi yake ndiyo ile tunayoikimbia. Uwe mkali, wenye punje kubwa na ndogo pamoja. Ulio laini mtupu unapasua lipu. Kujua kiasi cha chokaa, chukua lita 1 ya mchanga mkavu, mimina maji polepole kutoka kwenye chombo chenye vipimo mpaka yafike usawa wa mchanga. Maji yaliyoingia ndiyo nafasi iliyo kati ya punje, na chokaa inatakiwa ijaze nafasi hiyo. Kwa mchanga mzuri hutoka karibu theluthi moja, na hapo ndipo kipimo cha 1 kwa 3 kinapotoka. Ikitoka zaidi, ongeza chokaa.

Kazi yenyewe. Bandua saruji kuanzia juu kwa patasi ndogo na nyundo nyepesi. Mashine ya kutikisa isiguse ukuta wa namna hii. Chumvi iliyojitokeza isugue kwa brashi kavu na uizoe. Ukiiosha inarudi ndani. Kisha uache ukuta ukauke. Hapa ndipo watu wanaposhindwa kusubiri: kwa makadirio, ukuta uliolowa hukauka kama sm 2.5 kwa mwezi kila upande. Ukuta wa sm 60 uliowazi pande zote mbili unaweza kutaka mwaka. Asiyeweza kungoja apige lipu ya chokaa akijua kuwa hiyo ya kwanza itakunywa chumvi na itabidi ibadilishwe.

Mashimo makubwa yazibe kwa vijiwe vilivyokandamizwa ndani ya chokaa. Usiyajaze kwa chokaa tupu. Rowesha ukuta jioni na asubuhi kabla ya kuanza. Tabaka la kwanza lisizidi mm 12, likwaruzwe kwa msumari likiwa bado bichi. Ngoja wiki. Tabaka la pili mm 10. La mwisho ni niru, yaani lipu laini ya chokaa, mm 3 hivi. Kila tabaka linyunyiziwe maji mara 2 au 3 kwa siku kwa siku 7, na upande wa jua utundikwe magunia mabichi. Chokaa hugeuka jiwe kwa kuvuta hewa, na bila unyevu haiivuti. Ikikauka kwa upepo wa kusi siku ya kwanza inakuwa unga.

Wakati mzuri ni baada ya masika. Kaskazi jua ni kali mno.

Rangi iwe chokaa ya maji, nyepesi kama maziwa, tabaka 4 au 5, siku moja kati ya tabaka na tabaka, na ukuta uloweshwe kidogo kila mara. Ukiipaka nzito ili umalize mapema itabanduka magamba.

Na saruji kidogo: hapana. Ikiwa kidogo haitoshi kushika yenyewe na inaizuia chokaa kufanya kazi yake. Unaishia na kitu dhaifu kuliko vyote viwili. Anayetaka ishike haraka mahali penye unyevu atie unga wa tofali la kuchoma, sehemu nusu kwa kila sehemu 1 ya chokaa.

---

#4 Injinia_Malindi

Fundi umesema vizuri kuhusu lipu. Nataka kupinga maneno ninayoyasikia kila siku kuhusu sakafu, kwamba zege inaua nyumba kongwe "kwa uzito". Tuhesabu.

Sakafu ya asili: boriti, juu yake vijiwe bapa, juu yake vijiwe na chokaa iliyopigwa mpaka ikashikana. Unene sm 25 ni kawaida. Kwa kilo 1,800 kwa mita ya ujazo, hiyo ni kilo 450 kwa mita ya mraba. Zege ya sm 15 kwa kilo 2,400 ni kilo 360. Zege ni nyepesi kuliko ya asili!

Kwa hiyo kosa la zege si uzito wake. Kosa ni namna inavyokaa. Boriti 15 zinaegemea ukuta kwa nukta 15 kila upande na kila moja inakubali kuinama kidogo. Zege ni kipande kimoja kigumu; ili ikae, fundi anachimba mfereji kwenye ukuta urefu wote wa chumba, yaani anaukata ukuta ambao nusu yake ni udongo. Kisha ukuta ukitulia tena, zege haitulii nao. Nondo zenyewe, zikifungwa ndani ya zege ya mchanga wenye chumvi, zinapata kutu, na kutu inachukua nafasi mara kadhaa ya chuma chenyewe, kwa hiyo inapasua.

Uzito unaoua kweli ni ule wa kuongeza. Mtu anamwaga sm 5 za saruji na vigae JUU ya sakafu ya zamani: kilo 120 kwa mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 6 ni mita 18 za mraba, kwa hiyo kilo 2,160 zimekaa juu ya boriti zilezile. Tangi la lita 1,000 ni tani nzima kwenye nukta moja. Na nyumba ya kupangisha ikigawanywa, kila familia na choo chake na pipa lake ghorofani, hesabu inaendelea.

---

#5 Kiponda_Chini

Injinia, sasa boriti zikiwa zimeoza tufanyeje? Vyumba vya watu vinavuja vumbi la mbao kila siku na mikoko yenyewe haikatwi ovyo.

---

#6 Injinia_Malindi

Kwanza jua zipi zimeoza. Kugonga kwa nyundo kunasaidia, lakini kipimo cha kweli ni bisibisi: isukume kwenye boriti sm 5 hadi 30 kutoka ukutani, upande wa juu na wa chini. Katikati ya chumba boriti karibu zote huwa nzima. Inaoza pale inapoingia ukutani, na zaidi kwenye ukuta wa nje, chini ya choo, na chini ya mfereji wa paa. Vumbi laini la njano ni wadudu. Njia za udongo ni mchwa, na mchwa wanamaanisha maji yapo karibu. Yatafute hayo kwanza.

Kabla ya kugusa chochote piga miegemeo, yaani nguzo za muda za kushikilia dari. Na hapa watu wamekufa: mwegemeo wa ghorofa ya pili ukisimama juu ya sakafu ya ghorofa ya kwanza umeuhamisha mzigo tu. Lazima ushuke ghorofa kwa ghorofa, mstari mmoja, mpaka ardhini, na juu na chini kuwe na ubao mpana ili nguvu isambae.

Boriti iliyooza kichwa tu haibadilishwi yote. Njia ya kwanza: weka boriti mpya pembeni yake. Njia ya pili: pitisha mhimili wa mbao ngumu sambamba na ukuta, chini ya vichwa vyote, ukikalia viegemeo vya jiwe. Chumba kinapungua sm 15 na unaokoa dari nzima. Njia ya tatu, kukata kichwa na kuunga kipande kipya kwa bolti, inataka fundi mzuri.

Ukibadilisha, badilisha moja moja, kamwe usitoe tatu za jirani kwa pamoja. Boriti ibambuliwe gome, ikauke kivulini. Iingie ukutani angalau sm 20, ikalie jiwe bapa, na pembeni pabaki upenyo wa kidole wa hewa. Fundi anayezungushia saruji kichwa cha boriti "ili ikamate" amekichimbia kaburi.

Kuhusu ukubwa, kwa majina ya biashara ya Lamu, boriti ni mti wa sm 11.5 hadi 14. Mdogo wake ni mazio, na ule mnene zaidi ni nguzo. Ukiuziwa mazio kwa bei ya boriti dari itacheza. Nafasi kati ya moja na nyingine kama sm 30 hadi 40. Na upana wa chumba usiulizwe: mti ndio ulioamua. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe, kama vya miji mingine iliyopokea boriti zetu mpaka Arabuni na Uajemi, ni virefu na vyembamba, upana wa mita 3 hivi. Ukivunja ukuta wa kati upate sebule pana umevunja kanuni iliyoisimamisha nyumba.

---

#7 Ramani_Kongwe

Nawasoma kwa furaha. Lakini naona tunazungumza kana kwamba "urithi" ni kitu kilichokuwepo tangu zamani na sisi tunakilinda tu. Hilo neno lenyewe limebadilika, na linaamua nani anapewa kibali cha kufanya nini.

Mkataba wa Venice wa 1964, kanuni za kimataifa za uhifadhi, ulizungumzia mnara wa kumbukumbu, jengo kuu na mazingira yake. Ulisema urejeshaji usimame pale kubahatisha kunapoanza, na kipande kipya kitofautike na cha zamani. Ni kanuni nzuri kwa jengo la mawe yaliyochongwa. Lakini ukuta wa chokaa hapa umepakwa upya miaka yote. Ukisema tabaka jipya litofautike na la zamani, umeligeuza tendo la kawaida la kila mwaka kuwa kosa. Tamko la Nara la 1994 likaja kusema uhalisi haupimwi kwa jiwe tu, bali pia kwa namna ya kujenga, matumizi, na maana ya kitu kwa wenyewe. Mwaka 2003 ukaja mkataba wa urithi usioshikika, na ufundi wa mikono ukatajwa humo waziwazi. Kwa maneno ya mtaani kwetu: anayejua kuzima chokaa ni urithi sawasawa na ukuta.

Mji Mkongwe uliandikwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, hekta 96, kwa vigezo vya 2, 3 na 6. Yaani si kwa uzuri wa majengo peke yake. Ni kwa sababu mji unaonesha mchanganyiko wa Afrika, Arabuni, India na Ulaya uliodumu, na kwa sababu ya historia ya biashara ya watumwa na kukomeshwa kwake. Nyumba takriban 1,700, nyingi zisizo na jina lolote, ndizo zinazobeba hoja hiyo. Kasri likibaki na nyumba za Kiponda zikageuka maganda yenye zege ndani, hoja imekufa hata kama picha kutoka baharini haijabadilika.

Mfano wa paa. Nyumba nyingi za zamani zilikuwa na paa bapa la chokaa. Mwishoni mwa karne ya 19 zikaanza kuvikwa mabati ya mteremko kwa sababu bapa lilikuwa likivuja. Mwenye fikra ya "turudishe asili" anataka kuyaondoa mabati. Lakini mabati yana umri wa zaidi ya miaka 100, yameikinga nyumba, na yanasimulia jinsi watu walivyojifunza na mvua ya hapa. Mimi nasema yabaki.

---

#8 Bi_Hurumzi

Maalim Ramani, basi tuambie Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani la pwani, irejeshwe vipi. Hapo ndipo nadharia hukutana na jiwe.

---

#9 Ramani_Kongwe

Bi Hurumzi, hapo pana uzito. Sultani Barghash aliijenga 1883, na mnara wa saa haukuwa sehemu yake. Mnara wa taa ulisimama mbele yake, ukaharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896 pamoja na Beit al-Hukm jirani yake. Baadaye ndipo mnara ukaingizwa kwenye uso wa Beit al-Ajaib. Tarehe 25 Desemba 2020, jengo likiwa kwenye matengenezo, sehemu ya mbele ilianguka pamoja na mnara, na watu 2 wakafariki dunia. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Sasa ukisema "kama ilivyokuwa", ni ya 1883 bila mnara au ya miaka 120 iliyofuata, ambayo kila Mzanzibari aliyeko hai anaijua? Kwa fikra ya zamani mnara ni nyongeza. Kwa fikra ya sasa mnara unabeba kumbukumbu ya 1896 na ya vizazi vilivyopanga miadi chini yake. Naona mnara ni haki yake kurudi.

Kwa ufundi, jengo lile ni tofauti na nyumba za mitaani. Kuta ni za matumbawe na chokaa, lakini zimeunganishwa na nguzo za chuma cha kusubu na mihimili ya chuma, ndiyo maana kumbi zake zilipita upana wa boriti. Mahali chuma kinapoingia kwenye ukuta wenye chumvi ndipo pa kutazamwa mwanzo: kikipata kutu kinavimba, kinaupasua ukuta kwa ndani, na nje huoni kitu mpaka umechelewa.

---

#10 Mchangani_Juu

Nashukuru, lakini mbona kila mnaloandika liko upande wa bahari? Jina la uzi lenyewe linauliza kama urithi unaishia Darajani, na mpaka sasa hakuna aliyevuka.

Mji huu ulikuwa na kijito katikati, pale Darajani. Upande mmoja mawe, upande wa pili Ng'ambo: nyumba za miti, fito na udongo, paa la makuti, baraza mbele, ukumbi wa katikati, vyumba pembeni, ua nyuma. Kijito kikafukiwa, lakini mpaka ukabaki kwenye vichwa vya watu na kwenye ramani. Mpango wa Lanchester wa 1923, wa Kendall wa 1958, wa Scholz kutoka Ujerumani Mashariki wa 1968: kila mmoja ulikuwa na la kuirekebisha Ng'ambo, na hakuna uliouliza Ng'ambo ina nini cha kuhifadhi.

Baada ya Mapinduzi yakaja maghorofa ya Kikwajuni kwa msaada wa Wajerumani Mashariki, kisha Michenzani. Anayesema maghorofa yale si urithi kwa sababu ni zege aniambie sheria ipi inasema jengo la Kizanzibari lazima liwe la sultani. UNESCO yenyewe mwaka 2011 ilitoa pendekezo la kuutazama mji wote kama mandhari moja ya kihistoria, na mradi wa Ng'ambo Tuitakayo ukaja kufanya kazi hiyo: kuorodhesha sinema, misikiti, visima, viwanja, baraza na maskani. Baraza ya saruji ya Miembeni inafanya kazi ile ile ya baraza ya chokaa ya Shangani.

---

#11 Injinia_Malindi

Mchangani, umesema kweli, na niongeze la ufundi kwa sababu nimeona mtu anapendekeza maghorofa ya zege yapigwe lipu ya chokaa "kwa kuwa ni urithi". Hilo ni kosa la upande wa pili. Kwenye zege yenye nondo, saruji ndiyo dawa.

Gonga kwa nyundo ndogo: sauti ya debe tupu inamaanisha zege imeachana na nondo. Chimba mpaka uione nondo nzima, na nyuma yake upate mm 20 hadi 25 za nafasi. Wengi huishia usawa wa nondo, na kiraka kinadondoka na kutu inaendelea nyuma. Fuata nondo mpaka ufike mahali isipo na kutu. Isugue mpaka ing'ae. Ikiwa imepoteza zaidi ya robo ya unene, funga nyingine pembeni. Jaza kwa saruji na mchanga uliooshwa kwa maji ya mvua au ya bomba, na nondo ifunikwe angalau mm 40 kwa upepo huu wa bahari. Mwagilia siku 7.

Anayebeba ndoo asiulize "chokaa au saruji" kabla hajauliza "ukuta huu umejengwa kwa nini".

---

#12 Mpemba_wa_Wete

Nyote mmeisahau Pemba, ndugu zangu. Ras Mkumbuu kuna msikiti na makaburi ya nguzo yenye lipu ya chokaa ya karne nyingi, na mpaka leo vipande vimeshikilia. Chwaka yetu na Pujini vilevile.

Mafundi wale walitumia mawe mawili. Jiwe la ardhini kwa ukuta. Tumbawe lililokatwa baharini kwa mihrabu na vizingiti, kwa sababu likiwa bichi hukatika kama jibini na likikauka huwa gumu. Leo la baharini lisikatwe, miamba haina ziada. Kwa matengenezo tumia mawe yaliyoanguka papo hapo, na pale palipoungana mapya pajazwe chokaa tu. Mizizi ya mkuyu isivutwe kutoka ukutani: kata shina, acha mzizi ufe ndani, jaza baadaye. Ukiuvuta unashuka na mawe.

Na Unguja mnapotaja nyumba za udongo mnazitaja kama mambo ya jana. Huku bado watu wanaishi humo. Ukuta wa udongo ukipigwa saruji unafanya vilevile alivyoeleza Fundi, na haraka zaidi: saruji inasimama peke yake kama gamba la yai, nyuma mchwa wanakula fito. Msingi wa mawe upande sm 30 hadi 45 juu ya ardhi, upenu utoke sm 60 au zaidi, na lipu iwe udongo na mchanga, tabaka la mwisho likitiwa chokaa. Hilo linatosha.

---

#13 Kiponda_Chini

Swali la mwisho kwa Fundi. Mwenye pesa za kazi moja tu mwaka huu, na nyumba ina kila ugonjwa uliotajwa humu. Aanze wapi?

---

#14 FundiChokaa

Aanze juu. Paa, kisha mifereji ya bati, kisha mabomba ya kushusha maji, kisha mabomba ya vyoo. Asitumie hata shilingi moja kwenye lipu mpaka maji yamezuiwa.

Mfereji usafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli, uteremke angalau sm 1 kwa kila mita 2, na bomba la kushusha likae sm 3 au 4 mbali na ukuta likishikwa na vikuku. Likigusa ukuta na kutoboka kwa nyuma hutaliona. Chini limwage mtaroni, siyo kwenye baraza. Bomba la choo lililopitishwa ndani ya ukuta litolewe lipite nje, upande wa ua. Miti iliyoota kwenye nyufa za paa ikatwe kama alivyosema ndugu wa Wete.

Kabla ya hayo yote apeleke maombi Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, akiambatanisha picha za kila upande na mchoro mdogo wenye vipimo, aandike vifaa kwa majina: chokaa, mchanga wa aina gani, kipimo gani. Ombi lililoandikwa "matengenezo madogo" peke yake linamwachia fundi alete mfuko wowote anaoutaka.